Kilimatinde kwa Siku Moja

Shule ninayofundisha hapa Manyoni ina klabu ya historia yenye wanachama 41, na klabu hiyo ina uwezo wa safari moja tu kwa mwaka. Ni safari ya siku moja: kutoka asubuhi, kurudi kabla giza halijaingia, kwa sababu wazazi hawataki kusikia habari za watoto kulala nje. Mwaka huu mapendekezo yalibaki mawili. La kwanza ni Dodoma, kilomita zipatazo 130 kwa lami, penye Bunge, vyuo vikuu na stesheni ya treni ya umeme ambayo wanafunzi wangu wengi wameiona kwenye simu tu. La pili ni Kilimatinde, iliyo ndani ya wilaya yetu na isiyofika kilomita 30 kutoka mjini. Kura zilipohesabiwa, Dodoma ilipata 38 na Kilimatinde 3.

Kura hiyo ilikuwa ya ushauri. Uamuzi ni wa mlezi wa klabu, yaani mimi, na mkuu wa shule alinitaka niandike sababu. Mchango wa Dodoma ungekuwa shilingi 25,000 kwa kila mtoto na wa Kilimatinde shilingi 7,000. Katika wilaya ambayo mvua ikikatika Februari kila mtu anaanza kuhesabu magunia, tofauti hiyo ni chakula cha nyumbani. Lakini urahisi peke yake si sababu ya kumpeleka mtoto mahali. Ilibidi nijibu swali lenyewe: je, Kilimatinde inastahili kupewa siku nzima?

Kwingineko duniani swali hili lina majibu yaliyokwisha kuzoeleka. Mtu aliyeko Paris akijiuliza kama mji wa Reims unastahili safari ya siku moja, kazi imekwisha kufanywa kwa niaba yake. Treni ya kasi inamfikisha kwa takribani dakika 45. Anakuta kanisa kuu ambamo wafalme wa Ufaransa walikuwa wakitawazwa kwa karne nyingi, minara miwili, sanamu mamia, na historia iliyoandikwa kwa kila lugha. Hata jeraha lake linajulikana: Septemba 19, 1914 kanisa hilo liliungua kwa mizinga ya Wajerumani, dunia ikapiga kelele, fedha zikachangwa mpaka Marekani, na mwaka 1938 likafunguliwa tena. Mgeni anakwenda akijua atakachokiona, na akirudi anakuwa na picha za kuthibitisha.

Kilimatinde haiwezi kushindana kwa kipimo hicho. Nilikwenda Jumamosi moja kwa bodaboda ili nisiandike kwa kukisia. Kuna vumbi, kuna mibuyu, kuna nyumba za bati, kuna hospitali ya Kanisa Anglikana ambayo ndiyo sababu ya watu wengi kufika huko. Sikukutana na kibanda cha tiketi wala mtu wa kutembeza wageni. Mtu anayetafuta kitu cha kupigia picha angemaliza shughuli yake mapema akaanza kuulizia usafiri wa kurudi.

Hata hivyo jina la kijiji hiki limeandikwa mahali ambapo majina ya miji mingi mikubwa ya Tanzania hayamo. Mwaka 2006 nchi yetu iliwasilisha UNESCO, katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Njia hiyo ina urefu wa takribani kilomita 1,200, kutoka Bagamoyo pwani hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wanafunzi wangu wanaweza kuitaja Bagamoyo usingizini. Cha nne katika orodha kipo jirani yao, na walipokiona kwenye karatasi walidhani ni Kilimatinde nyingine.

Ili kuelewa kwa nini kituo kiwe pale, lazima mtu asimame ukingoni. Kilimatinde imekaa juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki ardhi inaporomoka, na chini unaenea uwanda wa Bahi, ambao kiangazi huwa mweupe kama unga na masika hugeuka kinamasi cha kulima mpunga. Upande wa magharibi hakuna mteremko. Kuna uwanda wa juu wenye vichaka vizito, vile vile ambavyo wataalamu wa mimea huviita kwa jina la Itigi. Kwa macho ya mtu wa leo aliye ndani ya basi, huo ni mlima mmoja wa kupanda kisha usingizi unaendelea. Kwa macho ya mpagazi wa karne ya 19, ulikuwa mpaka wa dunia mbili.

Dunia ya kwanza ilikuwa Ugogo. Misafara iliyotoka pwani ilipita huko kwa sababu kulikuwa na nafaka na visima, na Wagogo walijua thamani ya vyote viwili. Watemi walitoza hongo: doti za merikani na kaniki, shanga, waya. Msafara haukupita mpaka mazungumzo yaishe, na mazungumzo yangeweza kuchukua siku kadhaa huku chakula kikiliwa. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871, na wote waliandika malalamiko marefu kuhusu hongo ya Ugogo. Ukisoma malalamiko hayo ukiwa Manyoni unaona upande wa pili. Mtu amekuja na watu mamia, wanakunywa maji ya visima vilivyochimbwa kwa mikono katika nchi kavu, wanakula akiba ya mavuno, kisha anashangaa kuombwa malipo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia. Leo ni jina la kosa la jinai. Neno ni lile lile. Aliyebadilika ni mwenye haki ya kupokea.

Dunia ya pili ilianza baada ya kupanda. Wasafiri waliita nyika hiyo Mgunda Mkali, na kuivuka kuelekea Unyanyembe kulichukua wiki nzima au zaidi. Vijiji vilikuwa vichache, maji machache zaidi. Hapo ndipo misafara ilipofanya kile walichokiita kutelekeza: wanapika na kula kabla ya jua la utosi, wanabeba maji kidogo, wanatembea alasiri yote mpaka usiku, wanalala pasipo maji, alfajiri wanaendelea mpaka kisima kinachofuata. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alikuwa na mzigo wa frasila mbili hivi kichwani au begani, yaani zaidi ya kilo 30. Wengine katika misafara ya kushuka pwani hawakuwa wapagazi wa kulipwa. Walikuwa watu waliofungwa kamba na minyororo, na aliyeshindwa kwenda aliachwa. Leo kutelekeza ni kumwacha mtu au kitu bila msaada; tunasema baba ametelekeza familia. Wanafunzi wangu wanalitumia neno hili kila wiki bila kujua kwamba zamani lilikuwa jina la mwendo wa kiu.

Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipita njia hizi akiwa na pembe na watumwa, na baadaye akasimulia maisha yake kwa Kiswahili. Waliobeba pembe zake hawakupata mtu wa kuwaandikia. Nadhani hii ndiyo shida ya msingi ya kituo kama Kilimatinde. Waliokijua zaidi walipita wakiwa na mizigo, na mtu mwenye mzigo haachi mnara.

Wajerumani waliona maana ya ukingo ule upesi. Katika miaka ya 1890 waliweka kituo cha kijeshi Kilimatinde ili kushika njia ya misafara katikati ya Mpwapwa na Tabora, na kutoka hapo wakatuma askari kudai kodi na utii Ugogo na kaskazini kuelekea Unyaturu. Miaka ile, mtu wa Manyoni au Dodoma aliyeitwa bomani aliitwa Kilimatinde. Ninapolisema hili darasani kuna kicheko. Dodoma kuitikia Kilimatinde! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kilichopindua mambo kilikuwa chuma.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wahandisi hawakutafuta boma. Walitafuta mahali ambapo treni inaweza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa bila kuteleza. Wakapitia Saranda, wakapanda hadi Manyoni, na Kilimatinde ikabaki pembeni. Mzigo uliokuwa ukienda kwa miguu miezi mitatu ukaenda kwa siku chache. Makao ya utawala yakahamia Dodoma. Mwaka 1973 TANU ilipoamua kuhamishia huko makao makuu ya nchi, Dodoma ilikuwa tayari mji wa reli na barabara, katikati ya ramani. Hakuna aliyekaa akaamua kuifuta Kilimatinde. Njia ilihama, basi.

Nilidhani hoja yangu ingeishia hapo: kijiji kilichopoteza ukubwa wake kwa sababu ya reli, somo zuri kwa watoto ambao sasa wanaona reli nyingine ikijengwa mbele ya macho yao, kipande cha Makutupora hadi Tabora, na ambao wazazi wao wanabishana kuhusu stesheni itakaponufaisha. Lakini pale Kilimatinde nilimkuta mzee mmoja amekaa kivulini, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kisha akaongeza mbukwa ya Kigogo kupima kama nitaijibu. Nikaijibu. Nilipomwambia nimekuja kuangalia mambo ya Wajerumani, alisema, "Wajerumani walijenga. Sawa. Na chakula kilikwenda wapi, wamekufundisha?"

Alikuwa anazungumzia mtunya.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, Ugogo ilikuwa ghala la kila jeshi. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Waingereza yakaiteka Dodoma, kisha Kilimatinde, nao wakahitaji nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mashamba yalibaki na wanawake, wazee na watoto. Mvua zikakataa. Mwaka 1918 mafua makali yaliyozunguka dunia yakafika pia. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Wagogo walikufa kwa njaa ambayo waliipa jina la mtunya, kunyang'anyana. Makadirio yaliyopo yanasema walikufa watu 30,000 hivi katika watu 150,000, yaani mmoja kati ya watano.

Mzee huyo alizaliwa muda mrefu baada ya hapo. Alichokuwa nacho ni cha mama yake, aliyekuwa msichana mdogo wakati ule. Mama alimsimulia kuhusu watu kuchemsha ngozi za kulalia, na kuhusu ndugu waliopelekwa kwa jamaa wa mbali wapewe chakula wakakulia huko huko, mpaka leo wana majina ya ukoo mwingine. Alimsimulia pia kuhusu wanaume waliokwenda na mizigo ya vita wasirudi, na hakuna aliyeleta habari zao. "Kaburi hawana," alisema. "Tunasema tu walikwenda na mizigo."

Hapo nilikumbuka Reims. Vita ni vile vile, miaka ni ile ile, na taifa lililopiga mizinga kanisa lile ndilo lililochukua nafaka hii, likifuatiwa na adui zake. Kanisa lilikuwa na paa la kuungua, kwa hiyo dunia iliona moshi. Ghala la Mgogo likishatolewa nafaka halitoi moshi. Linabaki limesimama vile vile, tupu, na mpita njia hawezi kujua. Kama kipimo cha mahali pa kutembelea ni kile kilichobaki kuonekana, basi tutakuwa tunatembelea hasara za wenye mawe peke yao.

Katika kikao cha wazazi nilieleza haya kwa ufupi. Mama mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, Kilimatinde mwanangu amekwisha fika. Alizaliwa huko." Watu wakacheka, na alikuwa anasema kweli. Kwa familia nyingi za wilaya hii Kilimatinde ni hospitali tu. Ni mahali unapopeleka mjamzito, unapokaa na mgonjwa, unapopokea maiti. Akaendelea: "Sasa nilipe tena aende kuangalia nini? Dodoma ataona Bunge, atapata hamu ya kusoma."

Hoja yake haikuwa nyepesi. Mtoto wa Manyoni anayeingia Bungeni anaona kiti ambacho mtu kama yeye anaweza kukikalia. Mwalimu mwenzangu wa uraia alisema jambo hilo hilo kwa lugha ya silabasi: Bunge linatoka kwenye mtihani, mtunya hautoki. Yote mawili ni kweli. Nilichowajibu ni kwamba Dodoma haikimbii. Ipo kwenye televisheni kila jioni, barabara ni ya lami, na wengi wa watoto hawa watakwenda huko wenyewe kusoma, kutafuta kazi au kufuata kibali fulani. Yule mzee wa kivulini hayumo kwenye televisheni. Ana zaidi ya miaka 80. Ana maneno ya mama yake ambaye aliiona njaa ile kwa macho, na mtoto wa kidato cha tatu akiyasikia mwaka huu, umbali kati yake na mwaka 1918 ni watu wawili tu. Miaka kumi ijayo umbali huo utakuwa kitabu, kama kitapatikana.

Mama yule aliniuliza kama mzee atalipwa. Nilisema ndiyo, kutoka kwenye ile tofauti ya 18,000, hata kama ni kilo za sukari na unga. Akasema, "Basi andika jina la wangu."

Kwa hiyo jibu nililomwandikia mkuu wa shule ni ndiyo, kwa masharti. Kilimatinde haistahili siku ya mtu anayetaka majengo. Huyo aende Bagamoyo. Inastahili siku ya mtu anayekubali kusimama mahali na kuuliza kwa nini watu walipita hapa, nani aliwalisha, na nani alibaki bila chakula. Ukienda hivyo, siku moja haitoshi kwa raha.

Ratiba ni hii. Tunaondoka saa 12 asubuhi. Saa 2 tunakuwa ukingoni, kabla jua halijawa kali na wakati uwanda wa Bahi bado unaonekana mpaka mwisho. Wanafunzi watachora mteremko: Ugogo chini, Mgunda Mkali juu, Saranda na reli mahali pake. Saa 4 tunamsikiliza mzee, na kila mmoja anaandika sentensi tano kwa maneno yake aliyoyasikia, bila kuyapamba. Saa 6 tunakula kwanza, halafu tunatembea kilomita mbili juani kuelekea magharibi, na hapo ndipo kutelekeza kutapata maana yake ya zamani. Nimeomba gunia la mchanga la kilo 16, frasila moja, nusu ya mzigo wa mpagazi. Watapokezana. Wale 38 waliopigia kura Dodoma wataanza.